Barua ya wazi kwa vijana wanaolima viazi Uporoto

Wanangu,

Nawasalimu nyote, kuanzia Isongole hadi Igoma na Kikondo. Nimesikia mnataka kuungana ili msiuze tena lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo mpaka likafungwa kilemba juu. Nimefurahi sana, na nimeamua kuandika hadharani ili hata walio upande wa pili wa mlima wasome.

Sheria iko upande wenu: mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Mnaijua, na madalali wanaijua. Lakini mkulima hukutana na dalali akiwa peke yake, viazi vimeshachimbwa, mvua imetanda, ada ya mtoto inadaiwa. Akikataa, lori linasogea kwa jirani. Jirani naye ana ada ya kulipa. Hapo ndipo gunia linapovikwa kilemba.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba umoja ni nguvu. Hilo mmelisikia kwenye kila mkutano, kisha watu wakitawanyika kila mmoja anampigia dalali wake simu. Anzeni na mfuko. Atakayekataa kuuza leo lazima apate pa kukopa mpaka lije lori linalokubali mizani. Bila mfuko huo mtakuwa mnamdai ushujaa mtu ambaye watoto wake hawajala. Changeni sasa, kidogo kidogo, na mkubaliane mapema faini ya atakayeuza kwa siri.

Najua wazazi wenu wanawaonya kuhusu ushirika, na wana sababu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ilipovirudisha, wengi walishakata tamaa. Mimi mwenyewe nimewahi kukopwa mazao na chama, nisilipwe mpaka leo. Lakini wakumbukeni pia wenzetu wa Litowa, kule Songea, miaka ya 1960. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakaamua mambo yao mikutanoni, wenye majembe wenyewe. Chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kilipigwa marufuku Septemba 1969 kwa uamuzi wa kisiasa kutoka juu, si kwa sababu kazi iliwashinda. Habari yao hainivunji moyo hata kidogo. Inanionyesha kwamba wakulima wa nyanda hizi wanaweza kujiongoza.

Basi hesabu zisomwe mbele ya wote kila mnapokutana, na anayeshika daftari asiwe ndiye anayeshika fedha. Akina mama wanaochambua viazi wawemo kwenye uongozi, siyo kuitwa wakati wa chai tu. Wao ndio wanaojua kila gunia limebeba nini.

Kwa diwani nendeni na hoja ya ushuru. Unatozwa kwa gunia, kwa hiyo lumbesa inaipunja halmashauri pia. Dalali anayekubali kupima msimfukuze, mpeni mzigo wa kwanza.

Jambo moja linanikosesha usingizi. Mkikataa Isongole peke yenu, lori litapanda Kikondo siku hiyo hiyo. Tumeni wajumbe kule wiki hii, viazi vikiwa bado kwenye maua, na wakae mpaka wakubaliane. Mkihitaji mzee wa kuwasindikiza, mimi nipo tayari.

Mzee wenu,
Uyole, Mbeya