Bashraf nayo ni muziki, msiikate

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu taarab ya Unguja inavyorushwa redioni. Kikundi kikifungua onyesho kwa bashraf, yaani muziki wa ala tupu, mtangazaji hushusha sauti ya muziki akaanza kusoma salamu na matangazo. Mwimbaji akishika maiki tu, mtangazaji kimya! Ina maana kwake shughuli ndiyo kwanza inaanza.

Najua sisi watu wa pwani tunapenda maneno. Shairi likimgusa mtu huinuka kwenda kutunza, ilhali bashraf wengi huifanya muda wa kutafuta viti. Hata hivyo hiyo ni kazi kamili isiyohitaji mwimbaji. Asili yake ni muziki wa Waturuki wa dola ya Uthmaniya, ikaenea Misri, na huko ndiko Sultani Barghash wa Zanzibar (aliyetawala 1870 hadi 1888) anakosimuliwa kumtuma Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoundwa 1905, kikaifanya bashraf kuwa mlango wa taarab.

Isikilize yote uone ilivyopangwa. Kwa kawaida ina khana (yaani sehemu) nne, na kila khana ikimalizika hurudi kipande kilekile kiitwacho taslim. Mimi hungoja khana ya tatu. Hapo mara nyingi fidla hupanda juu, maqam (mpangilio wa sauti za wimbo) hubadilika, unadhani wamepotea njia, kumbe taslim hiyo inakuja kuwakusanya. Mtangazaji wetu huwa keshaikata zamani. Mtazame pia mpiga kanuni: vidole vyake vya shahada vimevishwa pete zilizoshika vichokoo, na mkono wa kushoto ukigeuza kijichuma kidogo kando ya nyuzi, sauti hushuka chini ya ile tuliyoizoea kwenye vinanda vya umeme, ambavyo vingi sauti zake zimepangwa kwa hatua za nusu toni tu. Vinanda hivyo ndivyo vilivyoitawala taarab ya kisasa tangu miaka ya 1990. Siilaumu, harusini naicheza kama wenzangu.

Ninachoomba ni kidogo. Bashraf ipigwe hadi mwisho, na kabla yake tutajiwe maqam yake na mtunzi wake, kama tunavyotajiwa mtunzi wa shairi. Tangazo la sabuni linaweza kusubiri dakika chache hizo.

Mpenzi wa taarab,
Mjini Unguja