Mdogo wangu, ule ukurasa wa daftari bado ninao

Mdogo wangu,

Simu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, kwa hiyo naandika hapa kuhusu hiyo digrii unayotaka kuacha kazi ukaisome, maana najua wenzako wa zamu watakuonyesha. Usinune. Aliyeanza kuanika ya ndani ni wewe, tena siku ya arobaini ya Baba, watu wakiwa na sahani za pilau mikononi.

"Kaka alininunulia diploma kama anavyonunua spea ya Kichina. Bei nafuu, gari litembee tu."

Shangazi wa Kigamboni alicheka mpaka akapaliwa. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini tangu siku ile mteja wa spea dukani kwangu akiniuliza, "Hii orijino au ya Mchina?" nakuona wewe umesimama pale chini ya turubai.

Hivi umesahau ilivyokuwa? Ulichaguliwa kidato cha tano, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, tukafurahi wote. Usiku nikakaa nikahesabu: miwili ya kidato, minne ya digrii, mmoja wa intanship. Saba. Diploma ya uuguzi ni mitatu. Baba mkono wa kushoto ulikuwa umeshalegea. Ada milioni 1.6 kwa mwaka, hosteli, sare, fildi, mitihani. Mpaka unamaliza ilifika milioni 7 na ushee. Kile kiwanja cha Chanika unadhani kilikwenda wapi? Na hela ya simu uliyosema imeibiwa Mbagala sikuwahi kukuuliza tena.

Lakini si hayo yanayoninyima usingizi. Ni ile asubuhi uliyokuja dukani kwangu, mtaa wa Gerezani, umetoka zamu ya usiku hospitalini, raba zako nyeupe zina doa la dawa ubavuni. Hukusalimia vizuri. Ukavuta daftari langu la mauzo, ukachukua kalamu nyekundu ya madeni. Mshahara mkononi 420,000, mchango wa pensheni wa NSSF na kodi vikiwa vimeshakatwa. Ukagawa kwa zamu 26. Ukagawa tena kwa wagonjwa 40 wa usiku ule. Ikaja 404, ukaizungushia duara.

"Kaka, mgonjwa mmoja shilingi mia nne. Chapati ya huyo jirani yako ni mia tano."

Vijana wangu walikuwa wanatazama. Nikasema, "Basi acha kazi, kaolewe."

Hukujibu. Uliifunika ile kalamu kifuniko chake, ukairudisha palepale ulipoitoa, ukaenda kupanda gari la Mbagala.

Hapo nilikosa, nakiri mbele ya kila anayesoma. Ila kwenye hesabu sijashindwa, na ndiyo maana sasa unaposema unaacha kazi ukasome digrii, nisikilize kwanza halafu unitukane.

Watu wakipigia digrii hesabu wanaishia kwenye ada, na hapo ndipo wanapopigwa. Gharama kubwa ni mshahara utakaouacha. Miezi 48 mara 420,000 ni 20,160,000, chuo hakijakudai hata senti. Utasema Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, wakikupa. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inauvimbisha mkopo kama maandazi ilifutwa mwaka 2021, alhamdulillahi, lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara yako palepale. Tuseme digrii ikupe milioni moja. Toa laki moja ya NSSF, toa laki na nusu ya Bodi, toa kodi ambayo mimi nimeikokotoa ikaja 103,000. Unabaki na 647,000. Nyongeza yako ni 227,000 kwa mwezi. Gawanya ile milioni 20 kwa hiyo: zaidi ya miaka saba ya kazi, kurudisha tu mishahara uliyoiacha. Ndiyo, saba tena. Nami nilicheka peke yangu dukani.

Mwenye ajira ya serikali akipewa ruhusa ya masomo mshahara wake unaendelea kuingia. Hospitali ya mtu binafsi kama yako, ukienda chuo leo, kesho jina lako limeshatoka kwenye ratiba ya zamu. Ndiyo maana nasema subiri ajira ya serikali kwanza, uthibitishwe, kisha usome huku unalipwa. Najua umeshaomba mara tatu kwenye ule mfumo wa ajira. Najua kila tangazo la kada za afya likitoka mnajazana maelfu. Hapo kwenye kusubiri sina cha kukujibu, maana si mimi ninayekesha na wagonjwa arobaini.

Lakini na wewe nijibu moja. Baba alipolala kitandani ile miezi minane, nani alikuwa anaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza? Mimi nilikuwa nashika tochi tu umeme ukikatika. Siku ya kumwosha, ustadhi aliniita pembeni akaniambia mgongo wa mzee hauna kidonda hata kimoja, kwa mtu aliyelala muda wote ule. Ungeifuata njia ya miaka saba, Baba angeondoka wewe uko darasani. Ile ndiyo kazi ya spea yangu ya Kichina, mdogo wangu. Mbona hilo hukumwambia Shangazi?

Sikukukatia njia. Nilikuwa na hela ya miaka mitatu, sikuwa na ya saba. Labda ningekwambia hivyo tangu mwanzo, badala ya kujifanya nimechagua kwa busara.

Mama anasema barua ya chuo imeshatoka na umempelekea Shangazi aisome. Shangazi! Asiyejua hata kuzima simu yake. Njoo nayo hapa Jumapili. Siahidi kitu, mzigo wangu wa mwezi huu uko bandarini haujatoka. Wifi yako atapika wali wa nazi. Uje peke yako.

Kaka yako