Vitu Vipo Makumbusho, Wanaovijua Wako Nyumbani

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi, hii ikirefuka kateni mnapotaka ila lile la mzinga msiliguse.

Kila mwaka tunahimizwa utalii wa ndani, tembeleeni vivutio, wapelekeni watoto, na mimi sina ubishi na hilo. Sasa likizo hii nikawachukua watoto wa kaka zangu pamoja na shangazi yetu aliyekuja mjini kutibiwa macho kutoka upande wa Sikonge, tukaenda kwenye kamakumbusho kamoja kadogo hapahapa mkoani Tabora. Siyo makumbusho ya Kwihara, pale alipokaa yule mpelelezi Mwingereza Livingstone, ile inajulikana. Hiki ni chumba kimoja na stoo yake, jina sikitaji maana hii shida naamini iko sehemu nyingi na sitaki kijana wa watu aitwe ofisini kwa ajili yangu.

Kiingilio ni hela ya soda. Ndani vitu vipo tena vya maana: ngoma, mikuki, vigoda vya miguu mitatu, vibuyu, majembe yale ya kufuliwa ambayo wazee walitolea mahari, nilifurahi kwa kweli. Ila kila kitu kimebandikwa kikaratasi, na hivyo vikaratasi ndivyo vimenifanya niandike. "Chungu cha asili." "Kigoda cha asili." "Ngoma ya asili." Basi. Kimetoka kijiji gani hakuna, nani alikitengeneza hakuna, nani alikileta na mwaka gani hakuna. Mtoto wa darasa la nne akaniuliza, baba mdogo, kwani kuna chungu ambacho siyo cha asili? Nikamwambia twende mbele.

Mbele sasa ndiyo kuna kona, na kwenye kona kimesimamishwa kitu wima, kinanifika kiunoni, ni gome la mti limekunjwa likawa duara na kikaratasi chake kinasema "Lindo la kuhifadhia nafaka". Mtu asiyejua anapita tu, maana kweli malindo ya huku kwetu yalikuwa ya magome, watu walikuwa wanaweka mtama na uwele humo. Shangazi hakupita. Aliinama, akapapasa mshono pale gome linapokutana, limebanwa na vijiti vilivyochongwa kimoja baada ya kingine kama meno ya kitana, halafu akamwita kijana anayetutembeza.

"Baba, hili nani amekuambia ni lindo?"

"Mama, nimekuta limeandikwa hivyo."

"Huu mzinga. Lindo gani lina tundu? Wewe unaweza kuweka mtama kwenye kitu chenye tundu?"

Akauinamisha, akamwonyesha kitundu kwenye mfuniko wa chini, ambao wala usingeonekana kwa sababu mzinga wenyewe walikuwa wameusimamisha juu yake. Halafu akamwambia ingiza mkono ukwangue kidogo, unuse. Kijana akaingiza kwa kuogopaogopa, akatoa ukucha una kitu cheusi, akanusa akacheka mwenyewe. Nta! Ndiyo wanavyofanya warina asali, wanapaka nta ndani ili nyuki wapite wanuse waingie, na mzinga haukai wima hata siku moja, unalazwa juu ya mti. Shangazi akaendelea, gome linabanduliwa mvua zikishaanza maana ndipo linapotoka vizuri, mti unachagua myombo au mtundu, na marehemu mumewe alikuwa akirina usiku, moto wa moshi mkononi, yeye anasubiri chini na ndoo huku anaogopa simba kuliko nyuki. Watoto walikuwa wametoa macho. (Kabla maafisa nyuki hawajaniandikia, najua, mti ukibanduliwa gome mzunguko mzima unakufa, ndiyo maana wanahimiza mizinga ya mbao, na wako sahihi. Lakini hiyo nayo si ndiyo stori yenyewe ya kuandika pale?)

Sasa niambie mhariri. Mkoa wa Tabora, asali yake inauzwa mpaka kwenye stendi za mikoa mingine, halafu makumbusho yetu wenyewe inaita mzinga lindo. Na wenye kuujua mzinga hawajafa, wako hai, wengine wanarina mpaka leo.

Kijana simlaumu. Amehamishiwa pale, hakupewa daftari wala kitabu, alikuta vikaratasi na yeye anavisoma kama alivyovikuta, tena ni mpole na shikamoo zake zimenyooka. Umeme ulikuwa hakuna akatumulikia na simu yake mwenyewe chaji ikiwa inaisha.

Kuna kingine kidogo niliona nikaumia zaidi, hata kuliko mzinga. Kwenye kisanduku cha kioo kuna kisahani cheupe cha gamba kina kitobo katikati, kimefungwa kamba, wameandika "Pambo". Hicho ni kibangwa. Ni gamba la konokono wa baharini, la baharini mhariri, na kutoka hapa mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 800. Watemi, yaani machifu wetu, walivaa hivyo vitu, siyo pambo la kwenda nalo harusini. Na hakikuja na basi, kilikuja na misafara, wapagazi wa Kinyamwezi wanashuka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani miezi na miezi, wanarudi na vitambaa, shanga, na magamba kama hayo. Historia yote ya mji huu, kwa nini Waarabu walikaa hapa, kwa nini kuna miembe iliyopangana kuelekea Ujiji, iko kwenye kile kisahani. Wewe umeandika neno moja.

Nikawa najiuliza mbona mambo ya Livingstone tunayajua mpaka tarehe. Alifika Kwihara na Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyemtafuta, mwezi wa pili 1872, Stanley akaondoka mwezi wa tatu, mzee akabaki anasubiri wapagazi, akatoka tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Tunajua kwa sababu alikuwa anaandika karibu kila siku, hata akiumwa. Akafa 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, na mwili wake wakaubeba watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao, yupo na mama mmoja Halima aliyekuwa mpishi wake, wakapita nao hapa Unyanyembe, yaani Tabora hii, mpaka pwani, akaenda kuzikwa London 1874. Yeye ana kaburi Westminster Abbey. Huyo Halima alipika na chungu gani, alikuwa mwenyeji wa wapi, aliishia wapi, nani alimuuliza? Hata mtemi Mirambo wa Urambo aliyefariki 1884, hata mtemi Isike wetu wa Unyanyembe aliyejilipua kwenye ghala la baruti 1893 asikamatwe na Wajerumani, sehemu kubwa tunawasoma kwa sababu waliwasumbua wageni wakawaandika. Mtu aliyekaa kwake kwa amani akachonga kigoda kizuri, huyo hayupo popote, kimebaki kigoda tu na kikaratasi.

Na hapa nitagusa jambo ambalo najua litaleta maneno. Tunadai vitu vyetu virudi kutoka Ujerumani. Nakubali, virudi, vipo maelfu kule Berlin na vingi havikutoka kwa hiari, rais wao mwenyewe alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa yaliyofanyika wakati wa vita vya Maji Maji. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudi 1954 na liko Kalenga, Iringa, kwa hiyo inawezekana. Lakini virudi vije wapi? Kwenye stoo isiyo na umeme viandikwe "cha asili"? Mzungu atatuuliza hilo swali kwa furaha kabisa na sisi tutakuwa tumempa jibu mkononi. Mimi nataka tumnyime.

Ninachoomba wala siyo jengo jipya. Maana ukitaja makumbusho tu watu wanaanza habari ya mradi na mfadhili na ukumbi wa mikutano. Ni daftari. Kijana apewe daftari kubwa la kurasa ngumu, kila kitu kipewe namba, kipigwe picha hata kwa simu, halafu waitwe wazee, na nasema wazee nikimaanisha na akina mama, kwa sababu ukisema wazee huku kwetu wanakuja wanaume wenye kofia wanakaa mbele wanaongea mambo ya utemi mpaka saa nane na vyungu havijaguswa. Chungu aulizwe aliyekipikia. Jembe aulizwe mfua vyuma au mtoto wake. Wakitofautiana andika zote mbili, fulani wa Urambo anasema hivi, fulani wa Sikonge anasema vile, kuna ubaya gani? Wakiwa wanaongea warekodiwe. Na familia iliyotoa kitu iandikwe jina lake pale pale kwenye kadi, utaona watu watakavyofurika kuja kuonyesha watoto wao kigoda cha babu, hicho kiingilio mtakihesabu kwa kuchoka.

Kadi zenyewe kuprinti na kuziwekea plastiki stesheneri yoyote ya mjini inafanya asubuhi moja. Hela yake haifiki ya chai ya kikao.

Wakati tunaondoka kijana aliulizia namba ya shangazi akaiandika kwenye simu yake, akasema atamshirikisha bosi wake halafu atapiga. Mpaka naandika hapa hajapiga. Shangazi kliniki yake ya macho inaisha mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anarudi kijijini na kule mtandao ni mpaka upande juu ya kichuguu. Yuko tayari kwenda siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na bajaji ya kwenda na kurudi nalipa mimi.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora