Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: magango yawepo kijiweni

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Tunakuandikia kuhusu mfupa mmoja, muundi, ule mkubwa wa mguu kati ya goti na kifundo. Upande wake wa mbele hauna nyama. Ukipapasa unakuta ngozi, kisha mfupa. Ndiyo maana bodaboda akigongwa kwenye miteremko ya barabara ya Tunduma, au mchumaji akidondoka kutoka kwenye mparachichi kule Rungwe, ncha ya muundi uliovunjika hutoboa ngozi kirahisi. Hapo vijidudu vimepata njia ya kuingia ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa humsumbua mtu miaka.

Tunaomba seti ya magango, yaani vibao vya kufungia kiungo kilichovunjika ili mfupa usicheze, katika kila zahanati na kila kijiwe kikubwa cha bodaboda, pamoja na mafunzo kwa madereva wenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaofika kwanza.

Gango halihitaji kuagizwa nje. Mianzi tunayo, na si ya kugema ulanzi tu. Mwanzi ukipasuliwa, ukakwanguliwa makali na kuviringishiwa pamba na kitambaa, unatosha. Muhimu ni urefu: gango lishike kiungo kilicho juu na kilicho chini ya palipovunjika. Kwa muundi, lianzie katikati ya paja na kupita kisigino. Likiishia chini ya goti ni kazi bure, maana goti likikunjwa ncha za mfupa zinasuguana na kuchana nyama na mishipa. Kwa paja, gango la nje litoke kwapani, la ndani kinenani, yote yafike chini ya kifundo, kisha miguu miwili ifungwe pamoja. Paja likivunjika, lita 1 hadi 1.5 za damu zinaweza kumwagikia ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, na mwili mzima wa mtu mzima una lita 5 hivi. Mgonjwa huyo hapakiwi mshikaki.

Mfupa uliotokeza usirudishwe ndani. Ufunikwe kwa shashi safi. Majivu na mafuta ya taa yakae mbali. Antibiotiki ya mshipa na sindano ya pepopunda zitolewe zahanati, kabla ya safari ya rufaa. Chai ya kumpa nguvu isubiri pia, kwani huenda akahitaji usingizi wa upasuaji.

Linalotutisha zaidi ni kukaza. Mguu uliovunjika huvimba, na bandeji haitanuki. Presha ndani ya misuli ikipanda, damu haipiti, na ndani ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa, ganzi hufuata. Anayengoja mpigo wa mshipa upotee amechelewa. Bandeji zote zifunguliwe mara moja, mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe, na apelekwe kwa daktari wa upasuaji.

Mafundi wa mifupa wa kienyeji tusiwafukuze, tuwafundishe hilo, pamoja na kuacha kukanda. Baada ya damu kuganda palipovunjika, wiki ya 2 au ya 3 hujengeka daraja laini la gegedu (tishu kama ile ya sikio), ambalo baadaye hugeuka mfupa. Muundi wa mtu mzima huchukua wiki 12 hadi 16, wakati mwingine zaidi. Anayekanda kila asubuhi analibomoa daraja hilo, kisha tunaambiwa mfupa umegoma kuunga. Mtoto huunga upesi, ila gegedu la kukulia lililo karibu na ncha za mfupa likiharibika, mguu unaweza kupinda au kubaki mfupi.

Seti moja iwe na magango 2 ya sentimita 130 na 4 ya sentimita 80, bandeji 8 za upana wa sentimita 10, pamba, shashi safi, glavu na mkasi. Iwekwe pia kalamu ya wino mzito: saa ya ajali iandikwe juu ya bandeji, ili atakayempokea mgonjwa ajue muda uliokwisha kupita tangu ajali.

Wahudumu wa mifupa na tiba ya viungo,
Mbeya