Napoleon hakushindwa na baridi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha juma lililopita juu ya majeshi ya kigeni yaliyoivamia Urusi. Mwandishi ameeleza mengi kwa ufasaha, lakini alipofika kwenye sababu za wavamizi kushindwa alirudia maneno tunayoyasikia tangu shuleni, kwamba aliyewashinda ni baridi. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi, na niliyewakaririsha wanafunzi wangu maneno hayohayo, sikubaliani nayo tena. Naona kilichowamaliza zaidi ni umbali na ugumu wa kufikisha chakula.

Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alivuka mto Niemen, uliokuwa mpakani mwa Urusi, tarehe 24 Juni 1812, wakati wa joto, akiwa na askari zaidi ya laki nne. Siku chache baadaye mvua kubwa iligeuza njia kuwa tope, na farasi, ambao kwa kukosa shayiri walikuwa wakilishwa nafaka mbichi iliyofyekwa mashambani, wakafa kwa maelfu. Farasi akifa, mzinga hubaki njiani na mkokoteni wa mikate haufiki. Alipoingia Moscow tarehe 14 Septemba, theluji ikiwa bado haijaanguka, alikuwa amebakiwa na watu wapatao laki moja tu. Mapigano ya Borodino, karibu na Moscow, yalikuwa yameua wengi, ni kweli, lakini waliosalia nyuma kwa njaa, kuhara, homa ya chawa na utoro, pamoja na walioachwa kulinda barabara ndefu ya kurudia, walikuwa wengi zaidi.

Sikatai kwamba baridi iliua. Mwezi Novemba farasi wa Kifaransa waliteleza katika kila mteremko kwa sababu viatu vyao vya chuma havikuwa na misumari ya kukamata barafu, isipokuwa wale wa msafara wa Napoleon mwenyewe, ambao msimamizi wao, Caulaincourt, alikuwa amekumbuka kuwatayarisha. Hata hivyo baridi hiyo ilimkuta mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani.

Karl XII, mfalme wa Sweden aliyeivamia Urusi kabla ya Napoleon, naye alipigwa huko Poltava, katika Ukraine ya leo, mwaka 1709, mwezi Julai, juani. Msafara wake mkubwa wa chakula na baruti ulikuwa umepotea katika mapigano ya Lesnaya tangu mwaka uliotangulia.

Kama baridi ingekuwa ndiyo ngao ya Urusi, Wamongolia wasingefika popote. Waliuteka mji wa Ryazan mwezi Desemba 1237 na Vladimir mwezi Februari uliofuata, kwani mito iliyoganda iliwafaa kama barabara na farasi wao walijua kufukua majani chini ya theluji. (Nchi hiyo haikuwa dola kubwa wakati huo, ilikuwa ya watawala wengi waliogombana wao kwa wao, na hilo nalo liliwasaidia wavamizi.)

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni vita vya Krimea, rasi ya Bahari Nyeusi iliyokuwa chini ya Urusi. Mwaka 1854 Waingereza, Wafaransa na Waturuki hawakujaribu kuifuata Moscow. Walishuka pwani na kubaki karibu na meli zao. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, Sevastopol, bandari ya kivita ya Warusi, ikaanguka. Mkate wa Mwingereza ulikuja kwa bahari, ilhali wa askari wa mfalme wa Urusi ulikokotwa na ng'ombe kutoka bara, kwa kuwa reli ilikuwa haijafika kusini. Umbali uliommaliza Napoleon ulimgeukia mwenye nchi.

Na hao Waingereza nao waliteseka vibaya katika baridi ya kwanza, wakifa mahemani huku shehena zikiwa zimelundikana bandarini Balaklava, mwendo wa kilomita kama kumi tu za matope. Mapema mwaka 1855 mafundi wakatandaza reli kutoka gatini hadi kambini, na mizigo ikaanza kupanda.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga