Mjomba, Huo Mkopo Usubiri Kwanza

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye gari la abiria, tumebanana, barabara inapanda tu. Uliniuliza mambo mawili kwa mpigo: nimefuata nini huko kwa Wakirigizi, na je, wenyeji wa huko wanakula chochote kutokana na mlima wao, au wanaishia kuwabebea watu mizigo kama ulivyoishia wewe. La kwanza nitalijibu haraka. La pili ndilo limenitoa usingizini, na ninaliandika hapa hadharani kwa sababu najua pale Marangu, chini ya Kilimanjaro, si wewe peke yako unayepiga hesabu za kujenga vyumba vya wageni kwa mkopo wa benki.

Nilichofuata ni upepo wa baridi. Chuo kimefungwa, joto la Istanbul la mwezi wa saba linatoa roho, na kuna ndege inayokwenda moja kwa moja hadi Osh, mji mkubwa wa kusini mwa Kirigizistani. Halafu Kituruki nilichokisotea miaka yote hii ni ndugu wa Kikirigizi. Si kwamba naelewa yote, lakini cha kuombea chai, kuhesabia hela na kuulizia njia kinatosha. Basi ndiyo hivyo.

Kutoka Osh unashika barabara ya kusini, ile inayokwenda kugawanyika kuelekea China na Tajikistani. Inapita kwenye mpito wa Taldyk, mita 3,615. Wewe unaijua kambi ya Horombo ya Kilimanjaro ilipo, mita 3,720, kwa hiyo piga picha: watu wanapita na malori, mabasi madogo na makundi ya kondoo karibu na usawa wa Horombo, na dereva anakula mbegu za alizeti huku kashika usukani kwa mkono mmoja. Ukishuka unaikuta njia panda ya Sary-Tash, unakunja kulia kuelekea magharibi, na baada ya kama kilomita thelathini za bonde lililo tupu unafika Sary-Mogol.

Kijiji kiko karibu mita 3,000 juu ya bahari. Yaani watoto wanacheza mpira, kina mama wanaanua nguo, mzee anakokota punda, yote hayo juu ya usawa wa Mandara, kambi yetu ya kwanza. Kichwa kiliniuma usiku wa kwanza hadi nikasikia sauti yako: kunywa maji, usikimbie, usilale tumbo likiwa tupu. Nilitii yote.

Sasa huo mlima. Bonde la Alay ni pana na tambarare, mto Kyzyl-Suu unapita katikati na maji yake mekundu ya udongo, kisha ng'ambo ya mto milima inasimama yote kwa pamoja, ukuta mmoja wa theluji kutoka upande mmoja wa macho hadi mwingine. Hakuna kilima cha kukuandaa. Katikati ya ukuta huo kuna Kilele cha Lenin, mita 7,134. Chukua Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu yake ongeza kilomita moja na mia mbili na zaidi. Na unakiona ukiwa barabarani, ukienda dukani kununua sabuni.

Kuna jambo utalipenda hapa. Waliofika kileleni kwanza, mwaka 1928, walikuwa Wajerumani wawili na Mwaustria mmoja waliokuja na msafara wa pamoja na Wasovieti. Kabla ya hapo mlima uliitwa kwa jina la Kaufmann, jenerali wa Mfalme wa Urusi aliyetawala Turkestani. Lenin akampokonya. Watajiki, ambao mpaka wao unapita hapohapo kileleni, wakaja kuuita kwa jina la Abu Ali ibn Sina, yule tabibu. Sisi nasi tulianza na Mjerumani, Hans Meyer mwaka 1889, na kilele tukakirithi kikiwa na jina la Kaisari wa Ujerumani hadi Uhuru ulipokuja. Tofauti ni kwamba jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu tunalitaja hadi leo, ingawa lilichelewa kutajwa. Pale Sary-Mogol niliuliza ni mwenyeji gani aliwaongoza wale watatu wa 1928. Mzee niliyemuuliza alicheka, akanimiminia chai.

Nyumba niliyofikia ni ya mama mmoja mjane, nilimwita *eje*, ndivyo wanavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri. Ni nyumba ya kawaida ya matofali ya udongo, imepakwa chokaa, madirisha ya buluu. Ukiingia unavua viatu. Chumba cha wageni hakina kitanda hata kimoja. Pembeni kuna sanduku la mbao lenye nakshi za bati, na juu yake magodoro membamba ya pamba yamepangwa hadi karibu na dari, ya rangi zote, na hayo ndiyo fahari ya mwenye nyumba. Jioni binti yake anakuja, anashusha mawili ya kulalia na moja la kujifunikia, anayatandika juu ya zulia la sufu ya kondoo lililoshonwa kwa mkono. Asubuhi yanarudi juu na chumba kinakuwa cha kulia chakula. Nikawa nahesabu kichwani: wewe umesema vitanda sita, kila kimoja na godoro lake la inchi nane. Bei yake unaijua mwenyewe.

Kuni hakuna, kwa sababu miti hakuna. Wanachochoma ni makaa ya mawe na samadi. Nilimsaidia eje kuipanga. Samadi ya kondoo inakanyagwa zizini majira yote ya baridi hadi inashikana, kisha wanaikata kwa sepetu vipande vya mraba, wanaviegemeza viwiliviwili juani vikauke. Vikikauka vinakuwa vyepesi, havinuki, na mkononi vinaacha vumbi la majani tu. Ukuta mzima wa ua umejengwa kwa hivyo vipande, na ukuta huo ndio watakaouchoma hadi mwezi wa tano. Nikaona ajabu, jinsi tunavyolalamika kwetu mkaa ukipanda bei.

Kuhusu chakula, usiwe na wasiwasi na mwanao. Meza ni ya chini, mnakaa sakafuni, na kabla hujaomba chochote imeshajaa: mkate wa duara, krimu nzito, jamu ya matunda, peremende, na *boorsok*, ambavyo mimi sitaki kuelezwa zaidi, ni maandazi yasiyo na iliki. Chai anamimina mwenye nyumba, na anamimina nusu bakuli. Mwanzoni nikadhani ni ubahili. Kumbe ukijaziwa hadi juu maana yake unywe uondoke. Nusu bakuli ni kwamba atakumiminia tena na tena, mwendelee kuongea. Mkate haulazwi kichwa chini. Mkimaliza, mnapitisha viganja usoni kwa dua, na hapo ndipo mtu anaweza kuinuka. Maziwa ya farasi yaliyochachushwa nilipewa pia. Nilimeza mafunda mawili kwa heshima, la tatu likagoma.

Sasa swali lako.

Ukishuka kwenye gari pale katikati ya kijiji kuna ofisi ndogo ya utalii wa jamii. Mtindo huu ulianza nchini humo mwaka 2000 hivi, katika mji wa Kochkor, kwa msaada wa shirika la Uswisi liitwalo Helvetas, na mwaka 2003 vikundi vya vijiji vikaunda chama chao cha nchi nzima. Kumbuka hali yao, Mjomba. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, mashamba ya pamoja yakafa, mshahara ukakatika, watu wakabaki na kondoo wachache na nyumba. Ndipo hiyo nyumba ikawa mtaji.

Kinachofanyika ni rahisi. Familia inayotaka kupokea wageni inajiandikisha. Nyumba inakaguliwa na kupewa daraja kwa maua, kama nyota za hoteli, moja hadi matatu, kadiri ya choo, bafu na nafasi. Bei inajulikana. Mgeni akifika, mratibu anaangalia zamu ya nani, anampigia simu, unapelekwa. Vivyo hivyo kwa wenye farasi, wenye magari na waongozaji. Ofisi inakata sehemu yake, iliyobaki ni ya mwenye nyumba, na hela yenyewe unaiacha mkononi mwake asubuhi, si kwa mtu wa kampuni aliyeko mjini. Eje aliniambia hela ya kiangazi ndiyo inayomnunulia makaa na unga wa baridi, na ndiyo iliyomweka binti yake chuoni Osh. Hakujenga hata chumba kimoja kipya. Alichoongeza ni magodoro, choo kilichosakafiwa vizuri kule nyuma ya ua, na pipa la maji ya moto la kuogea.

Ila usije ukadhani nimeona pepo. Msimu ni mwezi wa sita hadi wa tisa, basi. Baada ya hapo theluji inafunga kila kitu na wanaume wengi wako Urusi kwenye ujenzi na maghala. Na zamu yenyewe imeanza kuoza. Eje alilieleza hili kwa hasira kabisa, bakuli mkononi. Zamani kila mgeni alipita ofisini. Sasa mwenye simu nzuri na mtoto anayejua Kiingereza anaiweka nyumba yake mtandaoni, mgeni anachagua picha akiwa kwao Ulaya, anashuka kwenye gari na kwenda moja kwa moja. Nyumba tatu nne zinajaa, jirani anakaa na magodoro yake. Eje halaumu wageni. Analaumu majirani waliotoka kwenye zamu huku barabara, maji na jina zuri la kijiji vililetwa na wote. Mimi nadhani ana haki. Lakini binti yake alinong'ona kuwa na wao wana ukurasa wao, kaufungua mwaka huu, mama hajui.

Kisha kuna kambi ya chini ya mlima, Achik-Tash, kwenye mita 3,600. Huko ni habari nyingine. Wapandaji wanaletwa na makampuni ya mijini, mahema yamepangwa mistari, kuna mpishi, kuna umeme wa jenereta. Kijiji kinapata vibarua. Mizigo hadi kambi ya kwanza, karibu mita 4,400, inabebwa zaidi na farasi, kwa hiyo sikuona ile foleni yetu ya vijana wenye furushi kichwani na begi mgongoni. Nilimwonyesha kijana mmoja wa farasi picha yako ya zamani, ile ya Kibo na ndoo ya mayai kichwani. Akaikuza, akaniuliza kilo ngapi. Nikamwambia kwa sheria ni 20, enzi zako hakuna aliyepima. Akamwita mwenzake aje aone. Yeye mwenyewe ana picha ya mteja wake mmoja Mrusi akiwa kwenye kibao cha Uhuru. Kilimanjaro walikuwa wanaijua wote.

Na mlima huo unaua, usifikiri ni wa kutembea tu kwa sababu njia yake haina miamba mikali. Mwaka 1974 wanawake wanane Wasovieti, wakiongozwa na Elvira Shatayeva, walikufa kwa dhoruba karibu na kilele. Tarehe 13 Julai 1990 tetemeko liliangusha barafu juu ya kambi, wakafa watu 43 kwa pamoja. Mimi niliishia kwenye maziwa madogo ya Tulpar-Kol, nikakaa nje ya hema la sufu nikiwaangalia marmoti, wanyama wanono kama paka aliyeshiba, wakipiga mluzi mlangoni mwa mashimo yao.

Basi turudi Marangu. Najua utaniambia utalii wa kitamaduni Tanzania upo tangu miaka ya 1990, na kwamba wageni wetu wanalala hotelini usiku mmoja, wanapanda, wanashuka, wanakwenda Serengeti. Kweli. Lakini wewe unataka kukopa kwa kuweka rehani hati ya kihamba, shamba letu la ukoo, ujenge vyumba sita vya vigae ushindane na hizo hoteli. Utashindwa, Mjomba, nakwambia kwa heshima zote. Wao wana mkataba na makampuni, wewe una mteremko mzuri na kahawa.

Chumba cha mbele cha kaka kipo wazi tangu ahamie Dar. Kipake rangi. Choo kile cha nyuma kisakafiwe, kiwekewe mlango unaofungwa kwa ndani na taa. Zungumza na Mzee wa jirani mwenye mapango, na yule dada wa karibu na maporomoko ya Kinukamori anayekaanga kahawa, muwe na daftari moja la zamu na bei moja. Mgeni alale kwako, kahawa aikaangie kule, ng'ombe aone zizini, mtori apike mwenyewe akisimamiwa. Hadithi za mlima unazo wewe kuliko mwongozaji yeyote wa miaka hii. Na kuhusu mtandao, amueni mapema: ukurasa uwe wa daftari, usiwe wa nyumba ya mtu. Hilo mkiliacha hadi wageni waanze kuja, mmeshachelewa.

Desemba nakuja likizo. Nitalala kwenye hicho chumba na nitalipa, usiniambie habari za undugu. Nikikuta godoro la inchi nane nitajua umekwenda benki.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mpwa wako