Mume yuko barabarani, lawama ziko kwenye sindano

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu wote.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la kwanza. Naishi Morogoro, kazi yangu ni ushonaji. Mwezi wa kumi na mbili natimiza miaka 35. Umri nautaja mapema kwa sababu ndio unaonitia haraka, mtaona huko mbele.

Nilipojifungua Nasra, mimi na baba yake tulikubaliana tupumzike kwanza tujenge. Mtoto alipofikisha wiki sita nikaenda kituo cha afya nikachagua sindano ya miezi mitatu. Kitanzi nilikiogopa, na vidonge najijua, ningesahau. Baba Nasra alikuwa anajua kila kitu. Tena yeye ndiye aliyekuwa ananikumbusha tarehe kwa simu akiwa Zambia: "Mama Nasra, kadi yako inasemaje?" Sindano ilinikubali. Mwanzoni nilitoka matone matone, baadaye hedhi ikakata kabisa, nikanenepa kidogo, basi. Nyumba ikasimama, tukapaua. Mwaka jana mwezi wa tatu nikachoma ya mwisho, na Juni nilipotakiwa kurudi sikurudi.

Sasa ni Septemba nyingine na mimba hakuna.

Mama mkwe yuko Kilosa, lakini maneno yake yanafika hapa kabla ya basi. Anasema zile sindano zimeniunguza kizazi, na kwamba damu niliyokuwa siioni ile miaka yote haikwenda popote, imejaa tumboni na kuganda. Nilimuuliza nesi wa kituo jambo hili bila kuficha, maana hata mimi lilikuwa limeanza kuniingia. Akanieleza vizuri. Sindano inazuia yai lisipevuke, na pia inaufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi ubaki mwembamba. Hedhi ni ule utando unaobomoka na kutoka. Kama haukujengeka, hakuna cha kutoka na hakuna kinachobaki ndani. Nilirudi nyumbani mwepesi. Mama mkwe nilipomweleza alisema manesi wamefundishwa kusema hivyo.

Nesi huyohuyo alinieleza kuhusu kuchelewa, na hapa nilitamani watu wote wa nyumba hii wangekuwepo. Dawa ile inakaa mwilini na kuisha polepole, ndiyo maana inamkinga mtu miezi mitatu kwa mchomo mmoja. Anayeacha vidonge au kutoa vijiti hurudi mapema. Anayeacha sindano huchelewa zaidi, kwa wastani kama miezi minne zaidi ya wale wengine. Wengi hushika mimba karibu miezi kumi tangu sindano ya mwisho, ila wapo wa miezi minne na wapo wanaopitisha mwaka na nusu. Miaka uliyotumia haiongezi kuchelewa, na sindano haimfanyi mtu tasa. Alinionya pia kwamba yai linaweza kutangulia kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo nisikae nikisubiri damu ndipo nianze kuhesabu. Akanipa na vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku.

Hedhi ilirudi Desemba, ikawa inakuja inavyotaka, na tangu mwezi wa nne imetulia, inakuja kila baada ya siku 28 au 30. Nimepiga pia ultrasaundi: mfuko uko sawa, hakuna uvimbe. Kwa upande wangu naona mwili umerudi.

Sasa njooni kwenye hesabu, ndipo penye mgogoro.

Wifi yangu anahesabu tangu mwezi wa tatu mwaka jana, anasema mwaka na nusu umepita, huyu ana tatizo. Nesi anahesabu tangu Juni, siku ambayo kinga ya sindano ya mwisho iliisha. Mimi ninahesabu usiku ambao mume wangu amelala nyumbani, na hesabu yangu ni ndogo sana. Baba Nasra ni dereva wa lori, anapakia Dar anapeleka Lubumbashi. Wanaojua njia ile wanajua foleni ya Tunduma, na wanajua kwamba Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, gari linaweza kulala mpaka dereva akafahamiana na mbuzi wa pale. Akirudi anapita hapa Morogoro usiku mmoja, asubuhi anaendelea Dar kushusha na kupakia tena, akipandisha tunapata usiku mwingine kama tajiri hamharakishi. Nimeelezwa kwamba yai likitoka linaishi siku moja tu au pungufu, na mbegu za mwanaume zinaweza kungoja ndani hadi siku tano. Kwa hiyo katika mwezi mzima kuna siku kama sita tu za kushika mimba. Nikiangalia kalenda yangu ya ukutani, ambako naandika siku zangu na siku zake, kuna miezi mingi siku hizo sita zimepita yeye akiwa ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa tano na wa sita zote mbili alikuwa Kongo. Hiyo nayo tunaiita miezi ya kutafuta mtoto?

Nimelisema hili mbele ya wifi, akacheka, akasema madereva wote wa mtaa huu wana watoto wengi.

Kuna la dawa pia. Mama mkwe amepata mtu anayetibu kwa simu, anauza dawa ya kusafisha kizazi, dozi kamili laki moja na nusu. Alinisikiliza kwa ujumbe wa sauti, hakuuliza hata umri, akajibu nina mvurugiko wa homoni na mirija imeziba. Mdogo wangu wa kiume, mtundu yule, akamwandikia kwa namba yake kwamba anaumwa mgongo na anachoka sana. Naye akajibiwa kizazi chake kimechafuka. Tulicheka siku ile mpaka machozi, ila mama mkwe bado anadai hela ya dozi itoke, na kila nikikataa inaonekana sitaki mtoto.

Wifi kwa upande wake aliniletea vidonge vya Clomid kutoka duka la dawa, vimefungwa kwenye karatasi bila maelezo. Anasema rafiki yake alimeza akapata mapacha. Najua ni dawa ya kweli, inasukuma mayai yapevuke, na mapacha wanaweza kutokea. Lakini inaandikwa na daktari baada ya kuona kama yai ndilo linalosumbua, na mtu hufuatiliwa akiwa anaitumia. Kama shida ni mume kuwa Kasumbalesa, vidonge vitamsukumia nani hilo yai? Viko kwenye droo ya cherehani, sijavigusa.

Nilipokwenda hospitali ya mkoa, daktari alisema wanandoa huanza kuchunguzwa baada ya mwaka mzima wa kukutana bila kinga, ila mwanamke akifikisha miaka 35 hawasubiri zaidi ya miezi sita. Ndiyo maana nimetaja umri. Aliniorodheshea vya kwangu: homoni, halafu ikibidi kipimo cha mirija, kile cha kupitisha dawa na kupiga eksirei. Akaongeza kwamba cha kwanza kabisa na chepesi kuliko vyote ni cha mbegu za baba, akae siku mbili hadi saba bila kukutana na mwanamke ndipo alete sampuli. Siku hizo kwa dereva wa Lubumbashi ndizo rahisi kupatikana, kama ni mwaminifu, nami namwamini.

Shangazi, alikataa. Alisema, "Nasra ni wa nani?" Nikamwambia Nasra ni wa miaka saba iliyopita, na mwili wa mwanaume nao unabadilika. Akanyamaza, akawasha gari.

Kunyamaza huko ndiko kunakoniumiza kuliko maneno ya mama yake. Sindano tulipanga wawili. Nyumba wanayokuja kulala ndugu zake imejengwa katika miaka ileile ambayo leo wanasema niliiharibu. Mama anapozungumza mbele yake kwamba nilichoma sindano kwa siri, yeye anaangalia simu. Mwezi wa kumi na mbili kumepangwa kikao cha ndugu, na nimeshasikia kwa pembeni kwamba jina la binti mmoja wa Kilosa litatajwa. Sitaki kumdharau mama mkwe, amenilelea Nasra nilipokuwa naumwa. Nataka tu aliyekuwa anasoma ile kadi na mimi aseme kwamba alikuwa anaisoma.

Naomba mnisaidie. Kwanza, nisubiri mpaka tutimize mwaka wa kukutana kweli siku zenyewe, au nianze vipimo vyangu sasa peke yangu bila kumngoja? Pili, mwanaume anayeona kipimo cha mbegu ni matusi anaambiwaje akaelewa? Nimewaza nimwombe likizo ya mwezi mmoja tu, akae nyumbani, lakini tajiri ana madereva wengi wanaongoja lori lile. Wazo lingine ni mimi kufunga cherehani nimfuate Dar siku zangu za hatari zikiangukia safari ya kupakia. Tatu, kabla ya kikao, nimwambie mume aseme ukweli kuhusu sindano, au niuseme mwenyewe mbele ya wote na kadi mkononi?

Wake wa madereva mnaosoma, ninyi hasa, nielezeni mliwezaje. Baba Nasra anategemewa kupita wiki ya mwisho ya mwezi huu, mzigo ukitoka mpakani salama, na kwa kalenda yangu safari hii siku zinakutana.

Mama Nasra,
Morogoro